Makato ya bima ya afya yamepanda? Anza na slipu yako ya mshahara

Kila mwisho wa mwezi hapa Iyunga, jijini Mbeya, nje ya lango la kiwanda, utawakuta watu wamesimama wameinamia simu wakisoma meseji ya benki. Kila mtu anatafuta jibu la swali moja: zimebaki ngapi? Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka tisa, na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hata la nyongeza ya mshahara ni hili: "Katibu, mbona safari hii bima imekula zaidi?"

Mwanzoni nilikuwa najibu kwa kubahatisha. Nikaona aibu, nikaanza kusoma mikataba, kukaa na maafisa wa bima, na kuwabana wahasibu wa mishahara. Haya ninayoyaandika yametoka humo. Nimemwandikia mwalimu wa Rungwe, mpasua mbao wa Mafinga, mchuma chai wa Mufindi na Katumba, dereva wa lori anayelala Tunduma, na karani wa duka la jumla pale Mwanjelwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ada ya bima haipandi siku ile unayokatwa. Ilipanda miezi kadhaa nyuma, kwenye kikao ambacho wewe hukuwepo. Kwa hiyo una kazi mbili: kujua pesa yako inakwenda wapi, na kuhakikisha kikao kijacho hakifungwi bila sauti yenu.

Hatua ya 1: Soma slipu yako mstari kwa mstari

Watu wengi husoma mstari wa mwisho tu, ule wa pesa ya kuchukua nyumbani. Chukua slipu za miezi mitatu: ya mwezi huu, ya mwezi uliopita, na ya mwezi huu huu mwaka jana. Ziweke mezani pamoja. Tafuta mstari wa bima, kisha uangalie kama kilichobadilika ni kiwango cha makato au ni mshahara wenyewe.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mtumishi wa umma aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, huchangia asilimia 6 ya mshahara: yeye 3, mwajiri 3. Kwa kuwa ni asilimia, mshahara ukipanda na makato yanapanda, hata kama hakuna mtu aliyegusa kiwango. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipotoka Sh 370,000 kwenda Sh 500,000 kuanzia Julai 2025, aliyekuwa anakatwa Sh 11,100 alianza kukatwa Sh 15,000. Dada mmoja mhudumu wa ofisi alinipigia simu amekasirika, anaamini ameibiwa. Tulipopiga hesabu pamoja kwenye simu, ikatoka sawasawa hadi shilingi ya mwisho. Hasira ikaisha, ila alibaki na swali zuri: "Kwa hiyo sasa napata huduma zaidi kuliko mwanzo?" Hapana, kitita, yaani orodha ya huduma unazolipiwa na bima, ni kile kile. Mfumo wa asilimia umejengwa hivyo, mwenye kipato kikubwa achangie zaidi na mwenye kidogo achangie kidogo, wote watibiwe sawa. Mimi nauona ni mfumo wa haki, ingawa najua wapo wasiokubaliana nami.

Kama uko kiwandani, dukani au shambani na bima yenu ni ya kampuni binafsi, kwa kawaida hakuna asilimia. Kuna ada maalumu kwa kila kichwa au kwa kila familia, na hiyo hubadilika mara moja kwa mwaka siku ya kuhuisha mkataba. Ukiona makato yamebadilika katikati ya mwaka bila mshahara kubadilika, simama hapo hapo uulize kwa maandishi.

Halafu kuna jambo linaloumiza kuliko makato kupanda: kukatwa pesa ambayo haifiki. Nimewahi kumsindikiza mwenzetu, mtoto ana homa kali, tukafika dirishani tukaambiwa kadi imefungwa. Mwajiri alikuwa amekata miezi minne mfululizo bila kupeleka mchango. Slipu zilionyesha makato, Mfuko haukuwa na kitu. Tulichangishana pale pale kwenye benchi kumlipia yule mtoto. Tangu siku hiyo nawasihi wote: usisubiri kuugua ndipo ujue hali ya kadi yako. Kila baada ya miezi miwili au mitatu pita ofisi ya Mfuko ya mkoa, au hata dirisha la bima la hospitali yoyote mnayotibiwa, uombe wakuangalizie kama uanachama uko hai. Haichukui dakika kumi. Ukikuta umefungwa huku slipu inaonyesha umekatwa, piga picha slipu zote na uzihifadhi. Huo ndio ushahidi wako.

Hatua ya 2: Jua mwajiri anaruhusiwa kukukata nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kuukata mshahara anavyotaka. Makato lazima yatokane na sheria, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, mkataba wa hali bora (makubaliano yaliyosainiwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), au deni ulilokubali mwenyewe kwa maandishi. Na masharti yaliyoandikwa kwenye ajira yako yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na wewe na kukupa taarifa ya mabadiliko hayo kwa maandishi.

Kwa hiyo lile tangazo la karatasi moja linalobandikwa getini, "kuanzia mwezi ujao mchango wa bima utakuwa kiasi kadhaa", peke yake halitoshi. Usiling'oe wala usiligombanie. Lipige picha yenye tarehe, kisha mwandikie afisa utumishi barua fupi ya kuuliza mambo matatu: nyongeza hii imetokana na nini, mwajiri naye ameongeza kiasi gani kwa upande wake, na ni makubaliano gani yanayoiruhusu. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hilo swali la pili ndilo wengi hulisahau. Nimeona mahali ambapo ada ilipanda, mwajiri akabaki palepale, na nyongeza yote ikawaangukia wafanyakazi. Kwa mtumishi wa umma sheria imeshagawa nusu kwa nusu. Kwenye bima binafsi mgawanyo hutokana na makubaliano yenu, na msipoyaandika yataamuliwa na upande mmoja.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini inapanda

Nalieleza hili kwa kirefu kidogo, maana mfanyakazi asiyejua chanzo huishia kumlaumu mhasibu.

Bima ni kapu. Wengi wanaweka kidogo kidogo, wachache wanaougua wanachota. Kinachochotwa kikizidi kinachoingia, kapu linaisha. Huku kwetu wanaochota wameongezeka, na magonjwa yenyewe yamebadilika. Zamani mgonjwa wa kawaida wa bima alikuwa na malaria au kichomi, anatibiwa wiki moja anapona. Leo kuna kisukari, shinikizo la damu, saratani na figo. Mgonjwa wa kusafishwa damu kwa kawaida huhitaji mashine mara tatu kwa wiki, na habari yake haiishi mwezi huu. Dawa nyingi na vifaa tunanunua nje, kwa hiyo dola ikipanda, bei ya sindano inapanda hata pale Makambako.

Pia kuna tabia ya kusubiri kuugua ndipo mtu ajiunge. Mwaka 2023 NHIF ilipobadilisha utaratibu wa Toto Afya Kadi, ambayo mzazi alikuwa akilipa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa hiyo: wengi waliandikishwa wakiwa tayari ni wagonjwa, wazima walibaki nje. Wazazi waliumia, na uchungu wao naujua. Lakini kapu la wagonjwa watupu halina wa kulijaza.

Na kuna mvutano wa bei kati ya bima na hospitali. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao, na hospitali kadhaa binafsi zikagoma kuwahudumia wanachama zikisema bei zilizowekwa hazilipi gharama. Waliokwama katikati walikuwa wagonjwa wenye kadi halali mkononi. Ndiyo maana nakuambia kabla hujapanda gari kwenda hospitali ya mbali, iwe ya misheni au ya mtu binafsi, piga simu kwanza uulize: "Bima yetu mnaipokea leo?" Neno "leo" ni muhimu. Mikataba huvunjika na kuungwa tena, na kutoka Mbeya mjini hadi Makete ni safari ya kutosha kukufilisi nauli.

Kwa bima binafsi kuna sababu moja zaidi, madai ya kundi lenu. Kampuni huangalia mwaka mzima ilikusanya kiasi gani kutoka kwenu na ililipa hospitali kiasi gani. Tuseme mlichanga milioni 40 na mkatibiwa kwa milioni 38. Humo humo kampuni inatakiwa kulipa wafanyakazi wake, kamisheni ya dalali na kodi. Mwaka unaofuata itaongeza ada au itapunguza mafao. Kumbe matumizi yenu wenyewe ndiyo yanayoandika bei ya mwaka ujao, na hapo ndipo penye nafasi yenu ya kufanya jambo.

Hatua ya 4: Jaza nafasi zako zote za wategemezi

Hii ni hatua ya haraka na yenye faida ya papo kwa papo. Mchango wa NHIF kwa mtumishi humhusu yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne: watoto, na hata wazazi wake au wa mwenza. Unakatwa kiasi kile kile uwe umewaandikisha wote au umejiandikisha peke yako. Bado nakutana na vijana wa ajira mpya wenye nafasi tupu, huku mama yuko Kyela anauza mpunga apate pesa ya dawa za presha.

Tafuta vyeti mapema. Cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ndicho kinachochelewesha wengi, hasa kwa wazazi wetu waliozaliwa enzi ambazo umri ulihesabiwa kwa mwaka wa njaa au wa nzige. Mkiwa mume na mke na wote mnachangia, kaeni chini mgawane: mmoja awachukue watoto, mwingine awachukue wazazi. Mtoto akivuka umri unaoruhusiwa, nafasi yake haijijazi yenyewe, ni lazima uende ukaibadilishe.

Hatua ya 5: Usiibebeshe bima yako mzigo wa mwajiri

Ningependa hatua hii isomwe kwa sauti kwenye kila kiwanda cha mbao kuanzia Mafinga hadi Njombe.

Mtu akikatwa kidole na msumeno, akianguka kwenye lori la magogo, akimwagikiwa na maji ya moto kwenye kiwanda cha chai, hilo ni ajali ya kazini. Matibabu yake yanatakiwa kubebwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kufanya kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Wewe hukatwi hata senti moja. Na hata kibarua wa muda ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Msimamizi anamkimbiza majeruhi hospitali, dirishani anaulizwa njia ya malipo, anajibu "ana bima". Basi kidole kinatibiwa kwa bima ya afya ya mfanyakazi. Madai ya kundi yanapanda, ada ya mwaka ujao inapanda, na mbaya zaidi, yule mtu hapati fidia ya ulemavu kwa sababu hakuna aliyetoa taarifa ya ajali ya kazini.

Ikitokea ajali fanyeni hivi. Hospitalini semeni wazi kwamba ni ajali ya kazini na hakikisheni imeandikwa hivyo kwenye faili. Andikeni majina ya walioshuhudia siku hiyo hiyo, kabla watu hawajahamishwa zamu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa WCF ndani ya siku 7. Asipotoa, majeruhi mwenyewe au ndugu anaweza kwenda ofisi ya WCF na kueleza. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12, usije ukakaa na kovu miaka mitatu ndipo ukumbuke. Magonjwa yatokanayo na kazi, kama ya vumbi la mbao au ya dawa za kupulizia mashamba, nayo yamo.

Sambamba na hilo, kumbuka huduma ambazo Sera ya Afya ya 2007 imezisamehe malipo kwenye vituo vya umma: za wajawazito, za watoto wa chini ya miaka mitano, matibabu ya kifua kikuu, ukoma na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, pamoja na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Najua mara nyingine unaambiwa dawa hakuna. Hata hivyo dai kwanza haki yako kabla ya kutoa kadi au pochi, na ukijibiwa vibaya muone mganga mfawidhi wa kituo.

Hatua ya 6: Soma kitita ukiwa mzima

Wenye bima binafsi, ombeni kijitabu cha mafao, msiridhike na kadi tupu. Angalieni vikomo: mgonjwa wa nje kwa mwaka ni kiasi gani, kulazwa kiasi gani, uzazi, meno, miwani. Angalieni magonjwa sugu yamewekwa wapi na kama kuna muda wa kusubiri. Kijana mmoja wa idara yetu mke wake alijifungua kwa upasuaji, kila mtu akiamini bima italipa yote. Kikomo cha uzazi kilikuwa hakifiki hata nusu ya bili. Alipewa mkopo na chama chetu cha kuweka na kukopa, akaulipa mwaka mzima. Kijitabu kilikuwa kwenye droo ya ofisi muda wote, hakuna aliyekuwa amekifungua, mimi nikiwemo.

Walio NHIF, jueni kwamba dawa ikikosekana kituoni hamtakiwi kukimbilia kununua kwa pesa yenu. Ulizeni fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko.

Hatua ya 7: Lindeni kapu lenu

Homa ya kawaida, mafua ya baridi ya Juni, kipimo cha malaria: haya yaanzie kituo cha afya cha karibu. Mbeya mjini kuna Ruanda na Kiwanja Mpaka, Iringa kuna Ngome. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni ya waliopewa rufaa na ya dharura. Mtu akiruka ngazi anakaa foleni ndefu, na kumwona daktari kunagharimu zaidi, gharama inayoingia kwenye madai.

Usisaini fomu ya matibabu ambayo haijajazwa. Soma kilichoandikwa: dawa ngapi, vipimo vipi. Ukiona kipimo ambacho hukupimwa, kataa kwa upole na mwombe mhudumu akifute. Watu wengi huona haya kumuuliza muuguzi, wanaona ni utovu wa adabu. Mzee mmoja mstaafu wa reli alinifundisha namna ya kulisema: "Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri, hebu nisomee hapa umeandika nini." Anasomewa, na kila aliyeko pale anasikia.

Kuazimisha kadi kwa ndugu ni kosa la jinai, hata kama moyo wako unakutuma vizuri. Mbali na kesi, ugonjwa wa mwenzio unaingia kwenye faili lako. Siku wewe umelala hujitambui, daktari atasoma historia isiyo yako.

Hatua ya 8: Ingieni kwenye majadiliano miezi mitatu kabla

Hapa ndipo nilipopoteza miaka mingi kwa kutojua. Tulikuwa tunalalamika Januari, baada ya mkataba wa bima kusainiwa Desemba. Malalamiko ya Januari ni ya bure.

Muulizeni afisa utumishi tarehe ya kuhuisha mkataba. Hesabuni miezi mitatu nyuma, muandike hiyo tarehe kwenye ubao wa tawi. Kama chama chenu, iwe TUICO cha wafanyakazi wa viwanda na biashara au TPAWU cha wafanyakazi wa mashambani, kimetambuliwa kuwa wakala wa majadiliano, sheria inakipa haki ya kupewa na mwajiri taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Ombeni kwa barua taarifa ya madai ya mwaka: jumla ya ada iliyolipwa, jumla ya madai, na mgawanyo wake kwa aina ya huduma na kwa hospitali. Msiombe majina ya wagonjwa wala magonjwa yao. Hiyo ni siri ya mtu, na mkiomba majina mtanyimwa yote kwa sababu hiyo.

Sisi tulipoipata mara ya kwanza tulishangaa. Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa imekwenda kwenye kliniki moja ya jirani, kwa mafua na kuumwa kichwa, kila mtu akiandikiwa vipimo vilevile. Tukarudi kwa wenzetu, tukaitisha kikao chini ya mwembe, tukakubaliana: homa ya kawaida tuanzie kituo cha afya, ile kliniki iondolewe kwenye orodha, na badala yake mafao ya uzazi yaongezwe. Tukaipeleka mezani. Nyongeza iliyokuwa imeletwa ilipunguzwa, na mwajiri akakubali kuandika kwenye mkataba wa hali bora kwamba nyongeza yoyote ya baadaye itagawanywa nusu kwa nusu.

Pigeni pia hesabu ya kulinganisha mchango wa asilimia wa NHIF na ada ya kampuni binafsi. Chukua mfano wa kuchora: kampuni ina wafanyakazi 60, jumla ya mishahara kwa mwezi ni Sh milioni 30. Asilimia 6 yake ni Sh 1,800,000 kwa mwezi, sawa na Sh 21,600,000 kwa mwaka, familia zikiwemo. Kama kampuni binafsi inataka Sh 700,000 kwa kila familia, hiyo ni Sh milioni 42. Penye mishahara midogo na familia kubwa, kama ilivyo kwenye viwanda vingi vya huku, asilimia humsaidia mfanyakazi. Penye mishahara mikubwa na vijana wasio na watoto, hesabu inaweza kugeuka. Fanyeni kwa tarakimu zenu wenyewe.

Kumbukeni pia kwamba Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, nayo inamweka mwajiri wa sekta binafsi kwenye wajibu wa kumwandikisha mfanyakazi. Mwajiri anayewaambia bima ni hisani yake, msomeeni sheria hiyo kwa heshima.

Hatua ya 9: Mkikwama, nendeni panapohusika

Mgogoro wa makato na mwajiri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Siku 60 hupita upesi, hasa msimu wa mavuno. Ukichelewa utalazimika kuomba ruhusa ya kufungua mgogoro nje ya muda na inaweza kukataliwa. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima au dalali yapeleke kwa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Ya NHIF yaanze kwa meneja wa Mfuko wa mkoa wako, kwa maandishi, ukiwa na slipu zako.

Na ukiugua, usiache kudai ED, ile karatasi ya kukupumzisha kazi, kutoka kwa daktari. Sheria inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Wapo wanaotibiwa kwa bima halafu wanakatwa siku walizolala wodini kwa kukosa karatasi moja tu.

Kwa kibarua asiye na bima kazini

Wachuma chai wa msimu, wapakia viazi wa Uyole, vijana wa mbao wanaolipwa kwa siku: nyinyi ndio mnaoumia zaidi, na mwongozo mwingi hauwataji. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukichangiwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na wengi huku kwetu walitibiwa kwa huo. Sasa nchi inahamia kwenye bima ya wote, kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa uulize skimu inayoandikisha kaya, kiwango cha leo, na hospitali ya juu kabisa mnayoweza kufika kwa kadi hiyo.

Pesa ya kibarua haikai mfukoni. Fanyeni kama wanavyofanya kina mama wa kikundi kimoja ninachokifahamu Tukuyu: kila siku ya malipo wanaweka Sh 1,000 kila mmoja kwa mweka hazina, kwa jina la kaya, na pesa hiyo haikopeshwi hata kwa msiba. Mwezi wa nne, kabla baridi haijashuka na watoto hawajaanza kukohoa, mweka hazina anakwenda kuwaandikisha wote siku moja na kurudi na stakabadhi za kila kaya.